Si Saratani, Lakini Hula Taya

Miongoni mwa maneno ambayo daktari humwambia mgonjwa, ni machache yapokewayo kwa furaha kama haya: "Si saratani." Mgonjwa hushusha pumzi, jamaa humshukuru Mungu, na safari ya kurudi nyumbani huanza. Kwa uvimbe mwingi kauli hiyo yatosha. Kwa ule wa taya uitwao ameloblastoma haitoshi hata kidogo, na yafaa walimu na wanafunzi walijue hilo, kwani maradhi haya aghalabu huwapata watu wa miaka kati ya 20 na 40, na wengine huanza kuugua wangali shuleni.

Wahenga waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakizungumzia meno, lakini methali yao imesibu. Uvimbe huu hutokana na chembechembe za asili ile ile inayoliumbia jino ganda lake jeupe, gumu. Chembechembe hizo zikianza kuongezeka ovyo, huula mfupa kutoka ndani. Takriban visa 8 kati ya kila 10 hutokea katika taya la chini, hasa nyuma kwenye magego. Maumivu huwa haba au hayapo kabisa, na hapo ndipo penye hila yake. Shavu hutuna polepole, mwaka baada ya mwaka. Meno hulegea; hung'olewa moja, kisha la pili, kwa kudhaniwa kuwa ni mabovu, huku majirani wakinong'ona habari za kurogwa. Picha ya eksirei ndiyo hufichua siri: mfupa uliojaa matundu mithili ya povu la sabuni. Hata hivyo daktari haitegemei picha peke yake, bali hukata kipande kidogo kikachunguzwe kwa hadubini.

Kisha huja swali la kisu, na hapa ndipo mgonjwa na mpasuaji hupishana. Mgonjwa hutaka uvimbe ukwanguliwe tu, uso wake ubaki ulivyo. Nani angemlaumu? Lakini uvimbe huu hupenyeza vijizizi katika mfupa unaoonekana kuwa mzima, hivyo ukikwanguliwa hurejea mara nyingi, pengine baada ya miaka 10 au zaidi. Kwa sababu hiyo wapasuaji huukata pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima kila upande. Aliyechelewa huweza kupoteza nusu ya taya lake kwa maradhi ambayo si saratani! Ni kweli zipo aina zenye mfuko mmoja ambazo baadhi yake hutibiwa kwa upole zaidi, na upo uvimbe mwingine wa taya, kama odontoma, ambao hutolewa kwa urahisi na ni nadra kurudi. Kuutambua huu na ule ni kazi ya hospitali.

Pengo lililoachwa huzibwa kwa bamba la titani, au kwa kipande cha mfupa wa nyonga. Likiwa kubwa, wapasuaji huchukua ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, pamoja na mishipa yake ya damu, wakaishona mishipa hiyo na ile ya shingoni. Ni kazi ya saa nyingi na gharama kubwa, na wenye ujuzi huo wamejikusanya katika hospitali kubwa za mijini. Tena mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita ndani ya taya lenyewe. Ukikatwa, mdomo hufa ganzi, na mtu huweza kuchuruzikwa na chai asihisi.

Asidhani mwalimu kwamba kila shavu lililotuna laweza kusubiri likizo. Mnamo 1958 Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo kuhusu uvimbe wa mataya ya watoto wa Kiafrika. Huo ni saratani, hukua kwa kasi ya kutisha, na tiba yake kuu ni dawa wala si kisu. Kwa macho matupu mwalimu hawezi kutofautisha. Awezalo ni kumwona mwanafunzi aliyeanza kuficha shavu kwa kiganja, asiyejitolea tena kusoma kwa sauti, na kuwaita wazazi wake mapema.

Madaktari nao, kwa maoni yangu, wasiikomeshe kauli yao katikati. Waseme: "Si saratani, lakini usipokatwa itaendelea kulila taya lako." Baada ya upasuaji waeleze pia kwa nini picha za eksirei zitahitajika kwa miaka mingi. Na mwanafunzi akirejea darasani, anywe uji kwa mrija akihitaji, tena aruhusiwe kuandika majibu ambayo wenzake wanayatamka, mpaka ulimi uzoee kinywa chake kipya.