Ujuzi wa Bure Nao Una Masharti

Cherehani kilichokaa darini miaka mingi hakitengenezwi kwa huruma. Hufunguliwa skrubu moja moja, kutu ikang'olewa, mafuta yakatiwa, kisha kikajaribiwa kwenye kipande cha kitambaa mpaka mshono unyooke. Kazi hiyo ilifanywa na wazee wa Uingereza katika karakana za Tools for Self Reliance, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1979 na kuweka makao yake Netley Marsh, karibu na Southampton. Wengi wao walikuwa wastaafu. Randa, patasi, misumeno na vyerehani walivyovifufua vilisafirishwa hadi Tanzania, Uganda, Malawi na kwingineko, vikaingia mikononi mwa maseremala na washonaji wenye ufundi lakini wasio na vifaa.

La kutazama hapo ni udogo wa kazi, kuliko hata wema wa wazee. Hakuna aliyetumwa kuiokoa Afrika. Mtu alikabidhiwa cherehani kimoja, na alijua kimekamilika lini.

Kwetu mambo huanza vingine. Tanzania, mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa kawaida hulazimika akifika 60. Kenya nayo ilipandisha umri huo kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Basi kiinua mgongo kikishapokelewa, na banda la kuku likishaezekwa, simu huanza kuita. Kituo cha yatima kinatafuta mweka hazina, zahanati ya kanisa inataka mshauri, msikiti unataka mtu wa kusimamia ujenzi wa madrasa. Mzee hukubali kabla hajauliza anaitiwa nini hasa.

Aulize, na aanze na leseni. Anayestaafu ajira hastaafu masharti ya taaluma. Muuguzi anayetaka kuendelea kuhudumia wagonjwa bado anahitaji leseni hai ya baraza lake, na mhandisi anayetia saini michoro ya madrasa bado yuko chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukuta ukianguka, hakuna atakayejali kwamba saini ile ilikuwa ya bure.

Kwa wahasibu mtego ni mwembamba zaidi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika ya Tanzania kutoa taarifa kila mwaka, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kamati ndogo yenye fedha kidogo hutazamana, kisha humgeukia mstaafu wake: "Mzee, si utatukagulia tu?" Hapo heshima huwaponza wengi. Ukaguzi ni kazi ya mkaguzi aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na hata mwenye usajili huo hapaswi kukagua vitabu alivyoviandika mwenyewe. Akikataa, ameisaidia kamati kuliko kama angekubali.

Anachoweza kufanya ni kikubwa kuliko wanavyodhani. Apange hati za malipo zilizotupwa kwenye boksi la viatu. Alinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki mwezi baada ya mwezi, mpaka tofauti ijulikane imetoka wapi. Ahakikishe hundi haitoki kwa saini ya mtu mmoja, na kwamba anayepokea fedha siye anayeziandika. Miezi mitatu ya kazi hiyo hupunguza ada ya mkaguzi, maana mkaguzi hulipwa kwa muda wake, na boksi la viatu humla muda mwingi.

Ulaya utaratibu wa wastaafu kujitolea ujuzi wao una taasisi kamili. Uholanzi ilianzisha taasisi ya PUM mwaka 1978, na Ujerumani ikafuata na Senior Experten Service, yenye makao Bonn, mwaka 1983. Zote hupeleka wataalamu, wengi wao wastaafu, katika nchi nyingine kwa kazi za muda mfupi, za wiki chache au miezi michache. Mtaalamu halipwi mshahara, lakini kwa kawaida mwenyeji humpa malazi na chakula. Busara ya mpango huo ni kwamba aliyegharamia kitanda cha mgeni hamwachi mgeni akae bure akinywa chai. Vikundi vyetu vinaweza kuanza na nauli tu. Pensheni si hazina ya kuchangia daladala kila siku.

Linabaki suala la kiti, na hili halimo katika sheria yoyote. Aliyekuwa mkurugenzi sasa anaripoti kwa mratibu wa miaka 28. Asubuhi kijana anamwamkia, "Shikamoo mzee," na saa nne anatakiwa amwambie kwamba ripoti yake imechelewa. Ulimi unagoma. Ndiyo maana waratibu wenye akili huandika makubaliano ya ukurasa mmoja siku ya kwanza: kazi ipi, tarehe ipi, itakabidhiwa kwa nani. Tarehe ikifika, kijana huiweka karatasi hiyo mezani, karibu na kikombe cha chai, akatoka nje kupokea simu.