Saratani Ifikapo Mgongoni: Upasuaji Humpa Mgonjwa Nini?

Askari aliyezoea kubeba mzigo na kusimama lindoni usiku kucha huyahesabu maumivu ya mgongo kuwa sehemu ya kazi yake, na mara nyingi huwa hakukosea. Lakini yako maumivu ya namna nyingine: huzidi mtu alalapo, humwamsha usiku, wala hayatulizwi na mapumziko. Yakimpata mtu aliyewahi kutibiwa saratani ya mapafu, ya matiti au ya tezi dume, yapasa yashukiwe mara moja, maana hizo ndizo aghalabu huenea mpaka kwenye pingili za mgongo. Uvimbe ukikua huubana mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya pingili hizo. Miguu hulegea, ganzi huingia, na mkojo huziba au hutoka bila kuzuilika. Hapo hospitali ni siku ile ile, si kesho.

Je, kisu cha mpasuaji chafaa kitu? Mwaka 2005 Dakta Roy Patchell wa Marekani na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 101. Wengine walipasuliwa kisha wakapewa mionzi. Wengine walipewa mionzi peke yake. Katika kila 100 waliopasuliwa, 84 waliweza kutembea baada ya tiba. Kwa mionzi pekee, 57. Mgonjwa wa kadiri aliendelea kutembea siku 122 baada ya kupasuliwa, na siku 13 tu kwa mionzi pekee.

Maisha yenyewe hayakurefuka kwa kiasi hicho: siku 126 kwa 100. Basi msomaji asidanganywe; upasuaji huu hauing'oi saratani mwilini. Humrudishia mgonjwa miguu yake kwa muda uliosalia, nalo si jambo dogo, hata kwa wale wamwuguzao nyumbani.

Muda huo wategemea saratani ilianzia wapi. Ya mapafu kwa kawaida huua upesi. Ya matiti au ya tezi dume yaweza kumwachia mtu miaka. Kwa ajili hiyo madaktari hutumia hesabu ya alama iliyotungwa Japani na Tokuhashi na wenzake mwaka 1990, nao humwepusha na kisu yule ambaye siku zake zingekwisha kabla ya kidonda kupona.

Katika utafiti wa Patchell, wagonjwa 16 waliopasuliwa walikuwa hawawezi tena kutembea, 10 walitembea. Kwa mionzi pekee walikuwa 16 vilevile, wakainuka 3. Waliokwisha kupooza miguu kabisa kwa zaidi ya saa 48 hawakupokelewa.