Joto na Kazi (5): Mirija ya Udongo ya Buhaya na Pampu ya Bati

Leo nilikusudia kueleza habari za Fourth Power, kampuni iliyochipuka katika maabara ya Profesa Asegun Henry wa idara ya uhandisi wa mitambo, chuo cha MIT, Marekani. Kampuni hiyo inataka kuhifadhi umeme wa jua na upepo kwa kuugeuza joto. Umeme unapasha bati lililoyeyuka (metali yenyewe, si mabati ya kuezekea) hadi nyuzi 2,400 za sentigredi; bati linapita katika mabomba ya grafaiti na kupasha matofali makubwa ya grafaiti; umeme unapohitajika, joto lile linageuzwa umeme tena.

Nitafika huko. Ila mtu akinitajia nyuzi elfu mbili, siwezi kuanzia Marekani. Naanzia Buhaya, mkoani Kagera, Tanzania.

Mwaka 1976, katika mkoa ambao wakati ule ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, mwanaakiolojia Peter Schmidt na Donald Avery, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee wa Kihaya wawajengee tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyolijua ujanani. Kazi hiyo ilikuwa imekufa kwa takriban nusu karne, maana majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalikuwa yamewanyang'anya wahunzi soko. Wazee walijaribu, na mwanzoni mambo hayakwenda sawasawa. Mikono ilikuwa imesahau vitu ambavyo vichwa vilikuwa bado vinavikumbuka. Wakarekebisha, wakabishana wao kwa wao, wakajaribu tena, hata chuma kikatoka.

Tazama walivyolijenga. Walichimba shimo na kulisiriba kwa udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameshausaga na kuuchambua kuliko chekeche la fundi yeyote. Shimoni wakatia matete ya bwawani na kuyachoma yakawa makaa mepesi. Juu yake wakasimamisha ukuta mfano wa pia iliyopinduliwa, wenye urefu wa kama mita moja na nusu, kwa udongo uleule pamoja na mavi ya chuma ya matanuri ya zamani. Chini wakapenyeza mirija minane ya udongo, kila mmoja na mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi. Halafu makaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, na vijana wakaanza kuvukuta kwa zamu.

Sasa fika karibu uutazame mrija mmoja. Haukuishia ukutani kama ilivyo katika matanuri mengi ya kale. Uliingia ndani kama nusu mita, ukilala katikati ya moto. Hewa iliyosukumwa na mivukuto ilipita ndani ya udongo uliokuwa ukiwaka kwa nje, ikafika kwenye makaa ikiwa tayari imepata moto. Avery aliingiza themokapo, akasoma zaidi ya nyuzi 1,800 pale hewa ilipokutana na makaa. Chuma kilichodondoka kiliangukia kwenye makaa ya matete, kikafyonza kaboni, na madonge yaliyotoka yalikuwa na sehemu ambazo mhandisi yeyote angeziita chuma cha pua. Septemba 1978 wawili hao wakachapisha matokeo katika jarida la Science.

Huko Ulaya, wazo la kupasha hewa kabla ya kuiingiza tanurini lilisajiliwa mwaka 1828 na James Beaumont Neilson, meneja wa kiwanda cha gesi mjini Glasgow. Wenye matanuri walimcheka. Walijua kwa uzoefu wao kwamba tanuri hufanya kazi vizuri zaidi majira ya baridi, wakahitimisha kuwa hewa ya baridi ndiyo bora. Kumbe tofauti ilikuwa unyevu: hewa ya baridi kali huwa kavu. Neilson alipopata tanuri la kujaribia katika kiwanda cha Clyde, makaa ya mawe yaliyohitajika kwa tani moja ya chuma yakashuka kutoka tani nane hadi kama tano, na baada ya miaka michache yakapungua tena zaidi ya nusu.

Wapo wanaoyapinga madai hayo ya Buhaya, na ni haki wasikilizwe. Wataalamu kama J. E. Rehder na David Killick walihoji kama mrija wa udongo unaweza kweli kuipasha hewa kiasi kilichodaiwa, ikizingatiwa jinsi hewa inavyopita kwa kasi na udongo unavyopitisha joto kwa uvivu. Hoja ni nzito. Mimi naona hata ukiufuta upashaji wote wa hewa, unabaki na jambo ambalo hakuna aliyelifuta: watu waliotengeneza mirija ya kustahimili moto ule, wakajua udongo gani unafaa na upi utapasuka, bila kipimajoto wala kitabu.

Na hapa ndipo hasira yangu huanzia. Avery alikuwa profesa wa uhandisi, akavuka bahari kukaa chini na wazee kwa sababu alijua wanacho ambacho maabara yake haina. Ni wahadhiri wangapi wa vyuo vyetu wamekaa na wahunzi waliobaki, au hata na mafundi wa gereji waliopo ng'ambo ya ukuta wa chuo? Najua karakana moja, sitasema ya chuo gani, ambamo mashine ya kukereza imefunikwa turubai tangu fundi sanifu wake alipostaafu. Wanafunzi wanaonyeshwa picha ya mashine hiyo kwenye projekta, ilhali yenyewe ipo hatua chache kutoka darasani. Nafasi ya fundi haikujazwa. Ya msaidizi wa mkuu wa idara ilijazwa upesi.

Basi turudi kwa Henry, maana mkasa wake ni uleule wa udongo na moto. Kabla hajahamia MIT alikuwa Georgia Tech, na tatizo lililomkabili halikuwa la nadharia. Ukitaka kuzungusha metali iliyoyeyuka unahitaji pampu, na pampu ya chuma haiwezi kusukuma kitu chenye moto wa kukaribia kuiyeyusha yenyewe. Seramiki inastahimili moto, lakini kila mhandisi amefundishwa kwamba seramiki huvunjika, haifai kwa gia. Henry na mwanafunzi wake Caleb Amy walikereza gia za seramiki hata hivyo, wakaziba viungo kwa grafaiti, wakasukuma bati kwa saa 72 mfululizo, joto likiwa wastani wa nyuzi 1,200 na kilele cha 1,400. Matokeo yakachapishwa katika Nature, Oktoba 2017. Meno ya gia yalilika, nao wakaeleza hivyo wazi. Hiyo ni kazi ya karakana, hata kama jarida lenyewe ni la maprofesa.

Kwa nini kuhangaika na nyuzi 2,400? Kwa sababu mwanga unaotoka kwenye kitu cha moto huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto yake halisi (kwa kelvini), ndiyo asili ya jina la kampuni. Grafaiti ya nyuzi 2,400 hutoa mwanga karibu mara 19 ya ile ya nyuzi 1,000. Mwanga huo unaangukia seli zinazofanana na za sola, ila zimetengenezwa kwa ajili ya mwanga wa grafaiti. Nyuma ya seli kuna kioo cha dhahabu: chembe za mwanga ambazo seli haiwezi kuzitumia zinarudishwa kwenye grafaiti, kama muuza duka anavyokurudishia noti iliyochanika, nazo zinasaidia kuiweka katika moto wake. Mwaka 2022 kundi la Henry pamoja na maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani walitangaza katika Nature kwamba seli hizo zimefikia ufanisi wa asilimia 40, wakati turbaini za mvuke kwa wastani hufikia kama asilimia 35. Na seli haina kinachozunguka, kwa hiyo hakuna meno ya kulika.

Seli iliyopimwa ilikuwa na eneo la kama sentimita moja ya mraba. Toka hapo hadi mtambo wa kuulisha mji kuna kazi ya kukereza, kuziba na kuunganisha ambayo haijaandikwa katika jarida lolote. Kuhusu gharama, nafasi yangu imekwisha. Juma lijalo tutaanzia Kankaanpää, Ufini, ambako tangu 2022 wanahifadhi joto katika mchanga wa kawaida, kwa nyuzi mia tano na ushei tu.