Majeraha ya Ubongo na Haki ya Kulipwa Fidia

Tuchukue mfano wa fundi mwashi anayefanya kazi katika mojawapo ya majengo mengi yaliyoinuka Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Fundi huyu anateleza juu ya jukwaa la ujenzi na kuanguka. Anazirai kwa dakika chache, kisha anazinduka, anakunywa maji na kusema kwamba hajambo. Hana mfupa uliovunjika wala damu inayotoka. Kesho yake anarejea kazini. Baada ya mwezi mmoja hawezi kukumbuka vipimo alivyopewa asubuhi, anagombana na wenzake kwa jambo dogo, na kichwa kinamwuma kila jua linapokuwa kali. Msimamizi anamwita mvivu. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Mkewe anasema huyu siye mtu aliyemwoa. Mwishowe anaachishwa kazi.

Je, fundi huyu anaugua nini? Na je, sheria inamtambua kuwa ni mtu aliyeumia? Swali la kwanza ni la sayansi na la pili ni la sheria, lakini yamefungamana kuliko watu wengi wanavyodhani. Ni vigumu kumlipa mtu fidia kwa dhara ambalo halikuchunguzwa wala kuandikwa.

Ubongo ndani ya fuvu

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Ni laini mithili ya uji mzito uliopoa, nao umezungukwa na tando tatu na maji maangavu yanayoukinga dhidi ya mitikisiko midogo ya kila siku. Kinga hiyo haitoshi katika pigo kubwa. Fuvu linapogonga ardhi husimama ghafla, lakini ubongo, kama inavyoeleza kanuni ya kwanza ya Newton, huendelea na mwendo wake. Hugonga ukuta wa fuvu upande mmoja, na pengine hurudi na kugonga upande wa pili. Kichwa kikizunguka wakati huohuo, nyuzi za neva huvutwa na nyingine hukatika. Nyuzi hizo ni nyembamba mno, wala hazionekani katika picha ya eksirei, ambayo kazi yake hasa ni kuonyesha mifupa.

Mwanafunzi anaweza kukadiria ukubwa wa pigo kwa hesabu ya darasani. Tuseme kichwa kimeanguka kutoka kimo cha mita 1.8. Kitafika chini kikiwa na kasi ya mita 6 kwa sekunde, au karibu hapo. Tukitumia kanuni v² = 2as, kichwa kikisimama katika umbali wa milimita 3 juu ya saruji, mchapuko wake hasi ni mita 6,000 kwa sekunde ya mraba, yaani takriban mara 600 ya mchapuko wa uvutano wa dunia. Kikisimama katika umbali wa sentimita 3, kama inavyotokea ndani ya kofia ngumu yenye kitambaa kinene cha sponji, mchapuko huo hushuka hadi mara 60. Tofauti hiyo ya sentimita chache ndiyo inayotenganisha uhai na kifo. Aidha, mwendesha bodaboda anayekwenda kilomita 50 kwa saa ana kasi sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka kimo cha karibu mita 10. Majumuisho ya tafiti za nchi mbalimbali yameonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi miongoni mwa wapanda pikipiki wanaopata ajali.

Hatari inayofuata

Pigo la kwanza si mwisho wa mambo. Mshipa wa damu ukipasuka chini ya fuvu, damu hujikusanya na kuukandamiza ubongo, kwa kuwa fuvu haliwezi kutanuka. Mgonjwa huweza kuzungumza vizuri kwa saa kadhaa, kisha akapoteza fahamu tena na kufa. Kwa hiyo kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, kichwa kuuma kwa kuzidi, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni dalili za kumkimbiza mtu hospitali bila kungoja mapambazuko.

Hospitalini, daktari hutumia kipimo kilichotungwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1974. Hutazama mambo matatu: kufumbua macho, kusema, na kuviongoza viungo. Jumla ya alama huanzia 3 hadi 15. Alama 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, na 8 au chini yake jeraha kubwa. Picha ya CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, huonyesha damu iliyovuja. Kwa kazi hiyo Hounsfield wa Uingereza na Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Leo wakazi wa nyanda za kati wanapata kipimo hicho katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Hata hivyo, alama 15 na picha isiyo na doa havithibitishi kwamba mtu hakuumia. Jeraha linaloitwa dogo laweza kuacha usahaulifu, hasira na uchovu wa miezi mingi. Hapo ndipo vipimo vya kumbukumbu, pamoja na maelezo ya wanaoishi na mgonjwa, vinapokuwa na thamani kubwa.

Milango ya fidia

Kwa aliyeumia kazini, mlango ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015, nao huchangiwa na waajiri peke yao. Jambo kubwa katika sheria hii ni kwamba mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri. Inatosha kuonyesha kwamba ajali ilitokana na kazi. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, huduma za utengamao, na malipo ya mtu wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza.

Kwa aliyegongwa barabarani, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu mwenye chombo kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaouawa au kujeruhiwa. Hapa mdai hana budi kuonyesha uzembe wa dereva, na kwamba dhara lilitokana na uzembe huo. Mahakama haidai uhakika kamili, bali uwezekano ulio mzito zaidi katika mizani. Gharama zilizokwisha kutumika huthibitishwa kwa stakabadhi. Maumivu na hasara ya maisha hukadiriwa na mahakama yenyewe.

Yupo pia asiye na mlango. Aliyeanguka kutoka juu ya mbuyu akichuma ubuyu wake mwenyewe hana wa kumdai. Kwake yeye, kinga na bima ya afya ndiyo ngao.

Muda nao una ukomo. Chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa mtoto, au mtu ambaye akili zake zilikuwa zimeharibika siku haki ya kudai ilipozaliwa, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka hali hiyo iondoke; naye huweza kufunguliwa shauri na mtu mwingine kwa niaba yake. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama.

Kumbukumbu ya siku ya kwanza

Turudi kwa fundi wetu. Alipoanguka, mtu mmoja angeandika saa ya ajali, muda aliozirai na majina ya walioshuhudia. Msimamizi angepeleka taarifa. Hospitali ingeandika alama zake. Kama ajali ingekuwa ya barabarani, ingepatikana pia fomu ya polisi namba 3, maarufu kwa jina la PF3. Mkewe naye angeandika katika daftari, juma kwa juma, mambo aliyoyaona yakibadilika. Karatasi hizo chache zingekuwa sauti ya mtu ambaye jeraha lake halina kovu.

Mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi wake kukokotoa mchapuko, na palepale akawafundisha kuandika tukio kwa usahihi: nini, lini, wapi, nani aliona. Huo ni ujuzi wa maabara, na siku moja waweza kumrudishia mtu haki yake.