Hot Space: Albamu ya Queen iliyotupwa kapuni yaanza kutetewa

Mwulize shabiki mkongwe wa Queen ni albamu gani anairuka akizipanga santuri zake, na kuna uwezekano mkubwa atakutajia Hot Space. Ilitoka Mei 1982, ganda lake lina miraba minne ya rangi za kuwaka, na tangu wakati huo imekuwa albamu ya kutaniwa. Lakini siku hizi wamejitokeza watetezi wake, wengine vijana waliozaliwa baada ya mwimbaji Freddie Mercury kufariki mwaka 1991, wanaoisikiliza bila kinyongo cha baba zao. Mimi nasimama upande wao, japo si kwa nyimbo zote kumi na moja.

Kinyongo chenyewe kilianza na mafanikio. Mwaka 1980 albamu ya The Game ilishika namba moja Uingereza na Marekani, ikibebwa na Another One Bites the Dust, wimbo wa mpiga besi John Deacon ambaye masikio yake yalikuwa kwa kundi la disko la Chic. Michael Jackson ndiye aliyewahimiza wautoe kama singo. Ulipovuma hadi kwenye kumbi za disko, Deacon na Mercury wakaamua kuifuata njia hiyo moja kwa moja. Walirekodi sehemu kubwa ya albamu iliyofuata mjini Munich, ambako usiku ulikuwa wa vilabu na muziki wa kucheza. Brian May, ambaye gitaa lake ndilo lililokuwa sahihi ya Queen, hakuridhika kuona linasukumwa pembeni.

Wakati nao haukuwa rafiki. Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park jijini Chicago, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti katikati ya mechi mbili za besiboli huku umati ukishangilia. Wengi wameliona tukio hilo baadaye kuwa ni chuki dhidi ya watu Weusi na mashoga iliyovaa fulana ya roki. Katika hali hiyo, bendi ya roki inayopiga disko ilionekana kama imehamia kambi ya adui. Hot Space iliishia namba 4 Uingereza na namba 22 Marekani, na ziara ya mwaka huo ikawa ya mwisho ya Mercury na Queen katika ardhi ya Marekani.

Sasa tuisikilize. Staying Power, unaofungua, hauna gitaa la besi. Besi yake inatoka kwenye sinthesaiza, na juu yake zinapita tarumbeta zilizopangwa na Arif Mardin, yule aliyefanya kazi na Aretha Franklin. Shabiki wa roki wa 1982 alizisikia tarumbeta hizo kama tusi. Kwetu sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, ambako gitaa na tarumbeta hupokezana usiku kucha, ni vigumu hata kuelewa kosa lilikuwa nini. Back Chat, wa Deacon, ni funki safi. Cool Cat, waliotunga Deacon na Mercury, Mercury anauimba kwa sauti nyembamba ya juu mwanzo hadi mwisho, bila haraka wala mbwembwe. David Bowie alikuwa ameingiza sauti yake humo, kisha akaomba iondolewe albamu ikikaribia kutoka. Alichoacha ni Under Pressure, uliokwisha kushika namba moja Uingereza mwaka 1981, na ambao hata wanaoichukia Hot Space huuchomoa wakausifu peke yake, kana kwamba ulitoka albamu nyingine.

Ubovu upo, tusidanganyane. Body Language ni mdundo mzuri uliosahau kuwa wimbo. Dancer unavutwa huku na disko, kule na gitaa la May, na hakuna anayeshinda. Dramu za umeme za upande wa kwanza zimekauka, na hapo ndipo nadhani tatizo halisi lilipokuwa: kwenye sauti ya studio, si kwenye utunzi. Ushahidi ni onyesho la Milton Keynes la Juni 5, 1982, lililotolewa mwaka 2004. Humo Roger Taylor anapiga dramu kwa nguvu zake zote, May anapewa nafasi yake, na Staying Power ileile inageuka dude la kutisha. Watu wengi waliobadili mawazo, nimegundua, waliingilia mlango huo.

Miezi sita baada ya Hot Space, Michael Jackson alitoa Thriller, na kwenye Beat It akamweka Eddie Van Halen apige gitaa la roki. Dunia ikapiga makofi. Kuvuka kutoka muziki wa Weusi kwenda roki kuliitwa ubunifu; Mercury, mzaliwa wa Unguja, alipovuka kuelekea upande wa pili, aliambiwa amepotea.

Wapo mashabiki ambao sasa wamehamia kutetea Flash Gordon ya 1980, albamu ya muziki wa filamu ambayo nusu yake ni wahusika wanaozungumza. Huko mimi bado sijafika, na sina haraka.