Ua la Maratheftiko

Katika kisiwa cha Kipro, kilichoko mashariki ya bahari ya Mediterania, iko aina ya mzabibu wenye zabibu nyeusi iitwayo Maratheftiko, ambayo ilikaribia kutoweka. Sababu imo katika ua lake. Mizabibu mingi ilimwayo huwa na maua yenye viungo vya kiume na vya kike, hivyo kila ua huweza kujichavusha. Chavua ya Maratheftiko ni tasa. Ua lisipopata chavua ya aina nyingine hupukutika, na kichala hubaki na matunda machache. Ndiyo maana wakulima wengi walichagua Mavro, aina izaayo sana.

Hasara hiyo haifidiki kwa urahisi. Mzabibu, kama muhogo, huoteshwa kwa vipande vya shina. Mbegu yake huleta mche ulio tofauti na mzazi. Shina la mwisho liking'olewa, aina hiyo imekwisha.

Kwa bahati, Kipro haikufikiwa na filoksera, mdudu wa mizizi aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19. Mashina makongwe yalisalia. Katika kijiji cha Panayia, wilaya ya Pafo, kiwanda cha mvinyo cha familia kiitwacho Vouni Panayia, kilichoanzishwa mwaka 1987, ni miongoni mwa viwanda vilivyozirudisha shambani aina za kienyeji. Maratheftiko hupandwa pamoja na Spourtiko, aina yenye zabibu nyeupe ichanuayo wakati huo huo, ili ipate chavua. Aliyetaka kuiokoa ilimpasa kwanza kulijua ua lake.