Ronald Ngala: Diwani wa Mji Aliyefika Kuongoza Serikali

Mtu anayetaka kujua jinsi kiongozi anavyopanda kutoka baraza la mji wake hata kufika mbele ya Serikali ya nchi nzima, na ayatazame maisha ya marehemu Ronald Gideon Ngala wa Kilifi. Alikuwa mwalimu, akawa diwani wa Mombasa, akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1961 akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali ya Kenya. Miaka mitatu baadaye alisimama Bungeni na kukivunja chama chake mwenyewe. Kupanda kwake na kule kuvunja chama vilitoka katika asili moja, nayo ni sauti ya watu wa kwao ambayo hakukubali kuiacha nyuma.

MWALIMU NA MWANDISHI

Bw. Ngala alizaliwa katika nchi ya Wagiriama mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wazee wa siku hizo walikuwa hawajasahau vita vya mwaka 1914, wakati Wagiriama walipokataa kutoa vijana wa kazi na kuhamishwa katika mashamba yao. Basi habari ya ardhi na ya amri zinazotoka mbali haikuwa ngeni masikioni mwa mtoto wa huko.

Alisoma katika Alliance High School, kisha akaenda Makerere kujifunza ualimu. Aliporudi alifundisha katika shule za Pwani, akafika kuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa. Mwaka 1949 kilipigwa chapa kitabu chake kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Alikiandika kwa Kiswahili, ili watu wa nje ya Ugiriama nao wapate kuwafahamu jirani zao. Kazi hiyo ilikuwa dalili ya mwendo wake wa baadaye: kuwasemea watu wake mbele ya wengine, kwa lugha ambayo wote wanaielewa.

KATIKA BARAZA LA MJI

Katika miaka ya 1950 Bw. Ngala aliingia katika Baraza la Manispaa la Mombasa. Kazi ya diwani haina fahari kubwa. Maji, taka, nyumba, soko na shule ndiyo mambo yanayoletwa mezani, na kila shilingi inayotumika huulizwa ilikotoka. Lakini humo ndimo mtu anamojifunza kusoma hesabu, kungoja zamu yake ya kusema, na kukaa meza moja na watu asiokubaliana nao. Mombasa ya siku hizo palikaa Waafrika, Waarabu, Wahindi na Wazungu pamoja, na kila jamii ilikuwa na madai yake.

Hapana budi kukumbuka sheria ya wakati ule. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1955 Serikali iliwaruhusu Waafrika kuanzisha vyama vya siasa tena, lakini vya wilaya tu. Chama cha nchi nzima hakikuruhusiwa. Kwa hiyo kila kiongozi aliyeinuka siku zile aliinuka kwa watu wa wilaya yake. Hakuwa na njia nyingine ya kupandia. Jambo hili lilizaa matunda yake baadaye, matamu na machungu.

WANANE WA MWAKA 1957

Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Si kila mtu mzima aliyepiga kura. Elimu, mali, mshahara na utumishi vilipimwa, na mpiga kura mmoja aliweza kupata kura moja, mbili, au hata tatu. Karani mwenye cheti na mshahara mzuri alimpita kwa kura mkulima asiye na cheti, ingawa wote wawili walilipa kodi.

Wajumbe wanane walichaguliwa, na Bw. Ngala alikuwa mmoja wao, akiwa mjumbe wa Pwani. Wenzake walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, Bernard Mate na James Muimi. Wanane hao walishikamana, wakakataa vyeo vya uwaziri mpaka Waafrika waongezewe viti. Mwaka 1958 walipewa viti sita zaidi, wakawa kumi na wanne.

Mwezi wa Januari, 1960, mkutano wa kutengeneza katiba ulipofanywa Lancaster House, London, Bw. Ngala ndiye aliyewaongoza wajumbe Waafrika, na Bw. Mboya akawa katibu wao. Sababu si ngumu kuona. Hakuwa mtu wa kabila kubwa, wala hakuwa na maneno ya ukali. Wakubwa walioshindana wao kwa wao waliweza kukubaliana juu yake.

VYAMA VIWILI

Mara vyama vya nchi nzima viliporuhusiwa, umoja ule ulipasuka. KANU iliundwa mwezi wa Mei, 1960. Bw. Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina wake wakati yeye mwenyewe alikuwa ng'ambo, lakini aliporudi alikikataa cheo hicho. Mwezi wa Juni viongozi wa Pwani, Wakalenjin, Wamaasai na wengine walikutana Ngong na kuunda KADU, naye akawa kiongozi wake.

Hofu yao ilikuwa moja. Makabila yenye watu wachache yaliona kwamba siku Mwingereza atakapoondoka, wenye watu wengi watashika Serikali, watagawa ardhi na kazi, na wachache watabaki kuomba. Wapinzani wao walijibu kwamba hofu hiyo inawagawa Waafrika wakati wa kudai Uhuru, na kwamba walowezi wa Kizungu wanaifurahia. Kila upande ulikuwa na sehemu ya kweli.

Katika uchaguzi wa Februari, 1961, KANU ilipata viti 19 na KADU viti 11. Lakini KANU ilikataa kuingia serikalini mpaka Mzee Jomo Kenyatta afunguliwe. Baada ya mashauri marefu na Gavana, Sir Patrick Renison, Bw. Ngala alikubali kuunda Serikali, akisaidiwa na wajumbe wa Bw. Michael Blundell. Gavana aliahidi kumjengea Mzee Kenyatta nyumba Kiambu, na mwezi wa Agosti mwaka huo Mzee alifunguliwa. Bw. Ngala alilaumiwa sana kwa kushika Serikali bila ya kuwa na viti vingi, na lawama hiyo haikumwacha.

MAJIMBO NA MWAMBAO

Shauri lake kubwa lilikuwa majimbo. Alitaka kila sehemu ya nchi iwe na baraza lake lenye nguvu juu ya ardhi, shule na polisi, ili Nairobi isishike kila kitu. Kwa watu wa Pwani shauri hili lilikuwa na maana nyingine pia. Ukanda wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja kwa mkataba wa mwaka 1895, na watu wengine walidai Mwambao ujitenge na Kenya. Bw. Ngala alikataa kujitenga. Jimbo la Pwani ndani ya Kenya, kwake, lilikuwa jawabu la wote. Mwezi wa Oktoba, 1963, mapatano yalifanywa, na ukanda ule ukabaki Kenya.

Katiba ya majimbo saba ilikubaliwa, lakini katika uchaguzi wa Mei, 1963, KANU ilishinda. Bw. Ngala akawa kiongozi wa Upinzani. Serikali Kuu ilishika mfuko wa fedha, na jimbo lisilo na fedha ni nyumba isiyo na kuni. Wajumbe wa KADU walianza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa pili. Tarehe 10 Novemba, 1964, Bw. Ngala alitangaza Bungeni kwamba KADU imevunjwa, akavuka na wenzake waliobaki. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa Jamhuri, na nguvu za majimbo zikaondolewa.

Watu walitoa hukumu mbalimbali. Wengine walisema amewatupa wafuasi wake. Wengine walisema ameiepusha nchi changa na ugomvi mbaya. Mwaka 1966 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa KANU, kwa upande wa Pwani, akawa pia Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, kazi iliyomrudisha karibu na wakulima. Alifariki tarehe 25 Desemba, 1972, baada ya kuumia katika ajali ya gari. Barabara moja ya Nairobi ina jina lake.

Shauri alilolishindania halikuzikwa pamoja naye. Katiba ya mwaka 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, nazo zilianza kazi mwaka 2013, kila moja na baraza lake na fungu lake la fedha lililowekwa na katiba yenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na upungufu katika majimbo ya mwaka 1963: madaraka yaliandikwa, fedha zikabaki Nairobi. Mkulima au karani anayemchagua diwani wa mahali pake na afahamu jambo hili. Asiulize tu mtu huyo atapanda mpaka wapi. Aulize pia atakapopanda atakuwa amebeba madai ya nani, na kama ameshika ufunguo wa sanduku la fedha au amepewa karatasi tu.